Gari la familia: hachibeki yenye injini kali au saluni yenye turbo?

Msimu wa pamba ukifungwa, au mchimbaji mdogo akiuza mzigo wake, mazungumzo ya kununua gari huanza. Kwa wakazi wa Maganzo, Mwadui, Kahama na Geita, magari yanayovutia macho ya vijana na ya baba wa familia siku hizi ni ya aina mbili. La kwanza ni gari fupi lenye injini kali, kama Volkswagen Golf GTI. La pili ni gari la buti lenye turbo, kama Subaru Legacy B4 GT au Impreza WRX. Yote mawili hutoka Japani yakiwa yametumika, na yote hukimbia kuliko gari la kawaida la ukubwa huo.

Katika makala haya tunaeleza tofauti za magari hayo kwa mtu anayetaka gari moja la kubeba mke au mume, watoto, wazee na mizigo, katika barabara zetu na kwa mafundi tulionao. Fedha ya mpunga, dengu au dhahabu haipatikani kila mwezi. Gari likifa injini mwaka wa kwanza, familia hubaki na chuma kilicholala juu ya matofali uani, na mgonjwa anarudi kupelekwa hospitali kwa bodaboda.

Maneno tunayotumia

Hachibeki ni gari fupi ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka juu pamoja na kioo, kama Toyota IST, Vitz au Golf. Hachibeki kali ni gari la umbo hilohilo lililofungwa injini yenye nguvu, breki kubwa na shokapu ngumu. Golf GTI ndiyo iliyolipa umaarufu umbo hilo. Ilioneshwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1975 ikiwa na nguvu za farasi 110. Golf GTI za kizazi cha tano na cha sita, zilizotengenezwa kati ya mwaka 2004 na 2012, zina nguvu za farasi 200 na zaidi kidogo.

Saluni ni gari ambalo buti lake limetengwa na chumba cha abiria, kama Premio, Mark II au Legacy B4. Legacy B4 GT ya mwaka 2003 hadi 2009 ina injini ya lita 2 yenye turbo, na nguvu zake zinafika farasi 260 au zaidi kutegemea toleo.

Gari kuonekana la michezo hakumaanishi kwamba lina turbo. Swift Sport ya zamani ya cc 1,600 haina. Mark X nayo haina, ingawa injini yake ni kubwa. Legacy B4 zipo zenye turbo na zisizo nayo, na kwa nje zinafanana sana. Dalili moja ya Subaru yenye turbo ni tundu la hewa juu ya boneti, lakini boneti hubadilishwa. Mwambie fundi aifungue akuoneshe turbo yenyewe.

Turbo inafanyaje kazi?

Mchimbaji anaijua kompresa inayosukuma hewa kwenye mashine ya kutoboa mwamba. Turbo, au "tabo" kama wanavyoiita mafundi wengi, hufanya kazi inayofanana na hiyo ndani ya gari. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha pangaboi dogo, na pangaboi hilo huzungusha lingine linalosukuma hewa nyingi ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi huchomwa kwa wakati mmoja, na injini ndogo hutoa nguvu ya injini kubwa. Wazo hili ni la mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyelisajili mwaka 1905. Mluzi unaousikia Scania au Fuso ikipanda mlima na mzigo ni wa turbo.

Pangaboi hilo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, likiwa karibu na moshi wa moto mkali. Mhimili wake huelea juu ya utando mwembamba wa oili ya injini. Kwa sababu hiyo oili ikiwa chafu, ikipungua au ikiwa ya aina isiyofaa, turbo huwa miongoni mwa vifaa vya kwanza kuumia. Gari la kawaida linaweza kuvumilia mwenye nacho akichelewa kumwaga oili. Gari la turbo huchukua uvumilivu huo mara chache, kisha hudai injini nzima.

Nafasi ya watu na mizigo

Kabla ya kuangalia injini, kaa kiti cha nyuma. Weka kiti cha dereva mahali anapokaa dereva wako, kisha keti nyuma yake na uone kama magoti yanagusa. Mweke na mtu mzima mwingine pembeni yako. Hachibeki nyingi zinatosha watu wawili wazima na mtoto mmoja nyuma. Legacy ina nafasi zaidi ya miguu na mabega, ndiyo maana kwa safari ya saa tatu watu wazima hufika hawajachoka sana.

Hesabu milango pia. Baadhi ya hachibeki kali zilitengenezwa zikiwa na milango mitatu, yaani miwili ya pembeni na mmoja wa nyuma. Kumpandisha bibi au mama mjamzito kwa kumpitisha nyuma ya kiti cha mbele ni mateso. Gari la familia liwe na milango minne ya pembeni.

Kwenye mizigo, kila umbo lina faida yake. Buti la Golf ya kizazi cha tano lina lita 350, wakati la Legacy B4 linazidi lita 400. Lakini viti vya nyuma vya hachibeki hulala, na hapo unapata nafasi ndefu ya kuingiza baiskeli, godoro lililokunjwa au friji ndogo. Katika saluni nyingi za aina hii kiti cha nyuma hakilali, au hufunguka kijitundu kidogo cha katikati tu. Gunia la mchele litaingia kwenye buti, kitanda hakitaingia.

Lipo na suala la vumbi. Gari likikimbia kwenye barabara ya changarawe, upepo unaojizungusha nyuma yake hurudisha vumbi kwenye mlango wa nyuma. Katika hachibeki, mpira wa mlango huo ukiwa umechoka, vumbi huingia moja kwa moja walipo watoto. Kwenye saluni huishia ndani ya buti. Kagua mpira huo kabla ya kulipa, maana ni kifaa kidogo kinachosahaulika.

Familia yenye watu saba au wanane isijidanganye na lolote kati ya haya. Magari yote mawili ni ya watu watano wenye mikanda mitano. Mtoto anayepakatwa kiti cha mbele hana kinga gari likigonga.

Barabara zetu

Barabara kuu ya Shinyanga hadi Mwanza ni ya lami. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mtu wa Maganzo anaweza kukata kona Usagara, kuvuka ziwa bila kusubiri kivuko na kufika Geita kupitia Sengerema. Kwa njia kama hizo, magari haya yote hutembea vizuri.

Taabu huanza ukiiacha lami. Vijiji vingi vya Kishapu vimekaa kwenye udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka na kuacha makorongo. Mvua zikianza, kwa kawaida kuanzia Novemba, hugeuka ulimbo. Gari linalokaa chini huburuza tumbo, na kinachogonga kwanza mara nyingi ni bampa, kisha sampo ya oili. Sampo ikipasuka na dereva asione taa nyekundu kwenye dashibodi, injini imekwisha.

Golf GTI hukaa chini kwa milimita 15 kuliko Golf ya kawaida. Legacy B4 ina nafasi ya takribani sentimita 15 kutoka ardhini, nayo bado si nyingi. Mengi yaliyokwishatumika nchini yamekatwa springi ili yaonekane yamelala. Chukua futi ya kupimia na upime gari likiwa na watu watano ndani, maana wauzaji hukuonesha likiwa tupu.

Soma na tairi. Golf GTI nyingi huvaa 225/45 R17. Namba ya 45 ina maana kwamba ukuta wa tairi ni asilimia 45 ya upana wake, yaani kama sentimita 10. Tairi ya 185/65 R15, ambayo ni ya kawaida kwa magari madogo, ina ukuta wa sentimita 12. Sentimita hizo mbili ndizo zinazookoa rimu unapoingia shimo usiku. Tairi nyembamba kwenye changarawe hupasuka ubavuni, na ubavu haufai kuzibwa. Hakikisha pia kwamba gari lina tairi la akiba, kwa kuwa baadhi ya magari ya aina hii huja na chupa ya gundi na pampu tu.

Hapa Subaru ina nafuu moja kubwa: huvuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, hivyo kwenye utelezi hutulia kuliko Golf inayovuta kwa mbele tu. Nafuu hiyo ina sharti lake. Tairi zote nne lazima ziwe za saizi moja na zilizochakaa kwa kiwango kinachokaribiana. Ile tabia yetu ya kununua tairi moja moja kila fedha inapopatikana huua mfumo wa kugawa nguvu wa Subaru.

Petroli na oili

Magari haya yote mawili yaliandikiwa petroli ya daraja la juu huko Japani. Yakipewa petroli dhaifu au iliyochanganywa na mafuta ya taa, mafuta hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake. Injini hugonga, na pistoni za turbo hazivumilii kugonga kwa muda mrefu. EWURA huagiza petroli iwekwe vinasaba ili uchakachuaji ugundulike, lakini petroli ya kwenye chupa na madumu ya kando ya njia haina wa kuipima. Mwenye gari la turbo ajaze kituoni kabla ya kuingia vijijini.

Kwa ulaji, tukadirie kilomita 9 kwa lita kwa Legacy ya turbo iliyobeba familia, na kilomita 15 kwa gari la kawaida la cc 1,500. Safari ya Shinyanga hadi Mwanza ni kama kilomita 160. Legacy itakunywa karibu lita 18, gari la kawaida karibu lita 11. Kwenda na kurudi tofauti ni lita 14. Zidisha kwa bei kikomo ambayo EWURA huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kisha zidisha kwa idadi ya safari zako za mwaka. Golf GTI huwa katikati ya hayo mawili, ikiendeshwa kwa upole.

Oili ndiyo jambo la kutolegeza hata kidogo. Ile oili namba 40 ya kwenye ndoo, inayotumika kwenye malori ya zamani na mashine za kusaga, haifai hapa. Magari haya yanataka oili nyepesi ya sinthetiki, kwa kawaida 5W-30 au 5W-40 kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Kwa vumbi na joto letu, tunashauri imwagwe kila kilomita 5,000 pamoja na filta yake. Kijiti cha oili kikaguliwe kila wiki, kwa kuwa injini hizi zikizeeka hula oili bila kuvuja.

Ukitoka safari ndefu, acha injini inguruma bila kukanyagwa kwa dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Ukizima ghafla, oili iliyobaki ndani ya turbo ya moto huungua na kuganda kama masizi. Tena, vijana wasitoe boksi la filta ya hewa ili mluzi usikike. Vumbi la barabarani hula mapanga ya turbo kama msasa.

Fundi na spea

Spea za Toyota zinapatikana mpaka kwenye maduka madogo ya barabarani. Za Golf na za Subaru ya turbo mara nyingi huagizwa Mwanza au Dar es Salaam, na gari hulala likisubiri basi lilete mzigo. Kabla ya kununua, tafuta kwanza fundi aliye jirani, aliyewahi kufungua injini ya aina hiyo na mwenye mashine ya kompyuta ya kusoma hitilafu. Kama fundi wa karibu yuko Mwanza, weka gharama ya kulivuta gari hadi huko kwenye hesabu zako.

Yapo magonjwa yanayojulikana ambayo fundi ayaangalie. Kwenye Golf GTI ya kizazi cha tano, kuna kifaa kidogo kinachosukuma pampu ya petroli ya presha kubwa, nacho hulika. Kwenye ya kizazi cha sita, kikaza mnyororo wa taimingi hulegea na kuua injini. Gia boksi yake ya DSG inadai kubadilishwa oili kila kilomita 60,000, na wengi waliotangulia hawakufanya hivyo. Kwenye Subaru, mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali hupinda. Kwa kuwa kilomita za dashibodi hurudishwa nyuma kirahisi, ubadilishe mara ununuapo, hata ukiambiwa ni mpya.

Ushuru

Ukiagiza kutoka Japani, Golf GTI ina cc 1,984 na Legacy GT cc 1,994, kwa hiyo zote huangukia kundi moja la injini isiyozidi cc 2,000. Kwa viwango vilivyozoeleka, ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 na VAT asilimia 18. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30. Magari mengi tunayoyazungumzia yamevuka umri huo. Viwango hubadilika bajeti inaposomwa Juni, hivyo tumia kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma fedha. Ukinunua la mkononi, hakikisha kadi inalingana na namba ya chesesi, na umiliki ubadilishwe siku hiyohiyo.

Nguvu na usalama

Nguvu ina faida ya kweli. Kupita lori la shehena kwa sekunde chache ni salama kuliko kukaa muda mrefu upande usio wako. Lakini kwenye kilomita 80 kwa saa gari hukata mita 22 kila sekunde, na kwenye 120 hukata mita 33. Ng'ombe, mbuzi na waendesha baiskeli wa barabara hii hawakupi sekunde ya ziada. Ndani ya makazi, Maganzo ikiwemo, mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Kama ndani ya nyumba kuna kijana anayesubiri funguo, fikiria vizuri gari gani unamwachia.

Tuchague lipi?

Kama ni lazima moja kati ya haya mawili, kwa familia ya Maganzo tunaegemea saluni yenye turbo, hasa Subaru. Ina nafasi nyuma, haisumbui sana kwa vumbi, inashika njia wakati wa mvua na inafaa safari ndefu za lami. Hachibeki kali inamfaa mwenye watoto wawili wadogo, anayeishi kwenye lami, anayebeba vitu virefu mara kwa mara na aliye karibu na fundi wa Volkswagen.

Sharti letu kwa yote mawili ni moja. Ukishalipia gari na ushuru, ubaki na fedha isiyopungua robo ya bei hiyo kwa ajili ya mwaka wa kwanza: mkanda au mnyororo wa taimingi, oili, tairi nne, breki, shokapu na bima. Kama robo hiyo haipo, nunua umbo lilelile bila turbo. Legacy isiyo na turbo, Premio, Runx ya kawaida au IST itakufikisha Bugando, sokoni na msibani, na fundi wa mtaani ataiweza.

Siku ya kukagua, fanya haya:

1. Fika asubuhi kabla injini haijawashwa, na ushike boneti uone kama ni baridi. Muuzaji asikuwashie mapema.
2. Washa na uangalie ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Kwenye gari la turbo ni dalili mbaya.
3. Sikiliza mlio wa chuma kugongana au mluzi mkali kama king'ora. Turbo nzima hupuliza kwa sauti laini.
4. Vua kijiti cha oili. Oili nyeusi nzito kama lami inakueleza jinsi gari lilivyotunzwa.
5. Unganisha mashine ya kompyuta. Kama taa ya injini haiwaki kabisa unapofungua swichi, huenda balbu imetolewa ili kuficha tatizo.
6. Liendeshe likiwa na watu watano, kwenye lami na kwenye changarawe, na usikilize kama tumbo linagusa chini.
7. Ingia chini na fundi wako, si wa muuzaji, muangalie sampo, bushi na springi.

Gari lolote likikataliwa na fundi wako kwenye hatua ya pili, ya tatu au ya nne, acha liende hata bei ikishushwa. Bei ikishushwa sana kwenye gari la turbo, mara nyingi mwenyewe anajua injini imebakiza muda gani.